Foronya Nilizozifumua

Kosa la kwanza lilikuwa jani moja la asmini, na nilipoliona nilicheka.

Lilikuwa limedariziwa juu ya jani jingine, kwenye kona ya foronya ya bibi harusi. Majani mawili yamelaliana mahali palipotakiwa jani moja, na pembeni yake pamebaki patupu. Mama yangu hakuwa mtu wa kosa la namna hiyo. Alikuwa amedarizi tangu kabla sijazaliwa, na mimi wakati huo nilikuwa nimeshapita miaka thelathini na tatu. Nikajisemea kwamba usingizi ulimpitia kidogo pale barazani, mikono ikaendelea na kazi bila mwenyewe. Nikachukua mkasi mdogo, nikalifumua lile jani, nikalishona upya mahali pake, na chai yangu ilikuwa bado ina moto nilipomaliza. Ningejua ni kitu gani kilichokuwa kimeingia nyumbani kwetu siku ile, ningeibeba ile foronya vile vile na kosa lake mpaka kwa daktari. Sikujua. Tena si kutojua tu, nilijiona mwana mwema.

Nayaandika haya kwa sababu watu wa mtaani wakija kumpa mama pole hunipa na mimi sifa. Wanasema nimemtunza, wanasema nimepata radhi za mzazi. Nimechoka kuzipokea sifa hizo.

Tunaishi Likoni, upande wa Shika Adabu, mimi na mama peke yetu tangu baba afariki na ndugu zangu wa kiume waoe wakahama. Asili yetu ni Kaloleni. Mama aliletwa mjini akiwa msichana, akafundishwa kudarizi na masista wa misheni, kisha akajifundisha mwenyewe yale ambayo masista hawakuyajua: asmini, vilua, na vile vikonyo vyembamba vinavyojipinda ambavyo wateja wa pwani wanavipenda kuliko ua lenyewe. Mashuka na foronya za maharusi ndiyo ilikuwa kazi yake. Yeye ni mtu wa kanisa, hakosi Jumapili, lakini maharusi wengi wa Kiislamu kuanzia Mtongwe mpaka Kisauni wamelalia mkono wake usiku wao wa kwanza, naye alipenda kulitaja jambo hilo kwa utani ambao siwezi kuuandika hapa.

Hakuwa akichora. Wadarizi wengine huweka karatasi ya kaboni, wakapitisha penseli, ua zima likatokea kwenye kitambaa kabla sindano haijagusa. Mama aliwaita watu hao wanafunzi. Yeye aliikunja foronya mara mbili, akaupiga pasi mkunjo, akapata katikati, akaanza na ua la kati hapo kisha akatoka nalo nje, tawi la kulia kwanza, halafu la kushoto, akipima kwa shubiri na kwa jicho tu. Akimaliza, ungeikunja ile foronya ungeona jani limelala juu ya mwenzake wa upande wa pili bila kupishana hata upana wa uzi. Watu walikuwa wakiomba waikunje wenyewe ndipo waamini.

Aliwafundisha wasichana wengi wa mtaa, na mimi nikiwemo, tena mbaya kuliko wote kwa sababu natumia mkono wa kushoto. Sheria yake ilikuwa moja, kwamba kosa hufumuliwa na aliyelitia. Akiliona kosa lako hakusema neno. Aliikunja kazi, kosa likiwa juu, akaiweka mapajani mwako na kwenda zake jikoni, nawe ukaitazama mpaka ukaliona. Kulikuwa na aibu hapo, siwezi kukataa, lakini kulikuwa na heshima pia, maana kilichorudi mapajani kilikuwa bado kinafaa. Kitambaa kilichounguzwa na pasi au kukatwa na mkasi hakikurudi. Mama alikiondoa kimya kimya wakati mwenyewe hayupo, na siku ya pili ulikuta kitambaa kingine mahali pako. Hakuna aliyeuliza kile cha kwanza kimekwenda wapi. Tulielewa kwamba hakina la kufanywa, na kwamba mama hakutaka mtoto wa watu avunjike moyo.

Riziki yangu mimi naipata ng'ambo ya feri, Changamwe, kwenye kiwanda cha nguo. Kazi yangu ni kukagua. Mashati yanapita mbele yangu, nayageuza, navuta mshono, natazama kola na vifungo, na penye kosa nabandika kistika chekundu. Washonaji hawanipendi, na sijawahi kuwalaumu. Kwa hiyo nisimdanganye msomaji kwamba makosa ya mama yalinipita. Niliyaona yote.

Baada ya jani likaja tawi. Tawi la kulia lilikuwa limefika kwenye pindo kama kawaida, lakini la kushoto likakatika njiani, shubiri nzima kabla ya pindo. Limemalizwa vizuri kabisa na kikonyo chake, kana kwamba foronya ilikuwa imekwishia hapo. Mama alikuwa ameikunja na kuiweka kwenye rundo la kazi zilizokamilika. Wiki mbili baadaye nikakuta maua mawili yanayogombania nafasi moja. Halafu nikakuta sindano. Ilikuwa imechomekwa kwenye pindo la foronya iliyokwisha, ubavuni, uzi umekatika, na kidole changu ndicho kilichoipata. Nilikaa kitandani nikinyonya kile kidole na kufikiria shavu la bibi harusi. Hapo sikucheka tena.

Ningeweza kuikunja ile foronya na kumwekea mapajani. Nilifikiria kufanya hivyo, hata nikaichukua mkononi nikafika nayo mlangoni. Alikuwa barazani ameinamia fremu yake, kichwa amekishusha karibu na kitambaa kuliko zamani, anaimba wimbo wa kanisani kwa midomo iliyofungwa. Mtoto kumrudishia mamake kazi iliyoharibika niliona ni utovu wa adabu. Nikaogopa pia kwamba akijua ataacha, na akiacha sikujua atakuwa nani. Na kuna sababu ya tatu, ambayo ndiyo inayonichoma zaidi mpaka leo. Nilifurahi. Miaka yote niliambiwa mkono wangu hautafika popote, na sasa kazi yangu ilikuwa inakwenda kwa wateja inaitwa yake, wala hakuna aliyeona tofauti. Nikarudi chumbani na foronya yangu.

Tangu hapo ikawa ni desturi. Kila Jumamosi alasiri mama alikwenda kanisani kwenye mkutano wa akina mama, nami nilijifungia na lile rundo. Nilifumua, nikashona. Mwanzoni ilikuwa jani hapa na kikonyo pale. Baadaye nikawa nafumua upande wa kushoto wote. Mwisho wake kuna foronya nilizozifumua zikabaki nyeupe kabisa, na nikaanza upya kutoka katikati kwa mkunjo wake mwenyewe. Akitoka kanisani alinikuta naosha vyombo.

Wakati huo nyumba ilikuwa inasema waziwazi, na mimi nikawa naijibu kwa hasira. Vikombe vilianza kuvunjika. Mama alikuwa akiweka kikombe ubavuni mwake, kisha akakigonga kwa kiwiko kana kwamba kimeletwa hapo na shetani. Alijipiga kwenye nguzo ya mlango, bega lile lile, mara mbili katika wiki moja. Jirani yetu, mama mmoja mwenye maneno, akanisimamisha kisimani na kuniambia kwamba mamangu siku hizi ameota maringo, mtu anapita karibu yake anampungia mkono naye anatazama mbele kama bibi harusi. Nilimwambia mama. Akashangaa, akasema hakuona mtu. Nikamwambia aache kutembea na mawazo. Siku alipomwaga mchuzi mzima wa samaki nilimfokea. Sipendi kuikumbuka sauti yangu ya siku ile. Yeye alichukua kitambaa akapiga magoti kupangusa, na alipangusa pale palipokuwa pakavu.

Nikaenda kumnunulia miwani ya kusomea, ile inayouzwa mezani kando ya njia ya feri. Aliivaa siku tatu kwa ajili ya kunifurahisha.

Ndipo akaja yule mteja wa Kisauni. Alikuwa mama wa makamo, mwenye heshima zake, anamwoza binti yake wa kwanza, na alitaka seti nzima: mashuka mawili na foronya sita, nyeupe juu ya nyeupe. Uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe ndio mtihani wa mdarizi, kwa sababu rangi haikusaidii, unafuata kivuli cha mshono tu. Nilimsikia mama akikubali. Mteja alimshika mikono yote miwili akamwambia kwamba wallahi hataki mashine, vitu vya mashine vimejaa madukani na havina baraka. Mama alicheka, akamwuliza binti ana urefu gani, mume ana unene gani, mambo yake ya siku zote. Aliposimama kumsindikiza aliikosa ngazi moja, akashika bega la mgeni, na wote wawili wakacheka tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na sinia, na sikuona cha kuchekesha.

Alishona ile seti miezi minne. Barazani alihama, akawa anakaa uani kwenye jua kali la saa sita, jua ambalo hata kuku wanalikimbia, akisema barazani pamekuwa na giza. Nilimsikia nikasema kweli, ule mti wa jirani umekua. Huo mti ulikuwa umekatwa mwaka uliopita. Najua nilijua.

Foronya mbili za kwanza hazikuhitaji kitu kikubwa. Ya tatu niliifumua nusu. Sikumbuki tena niliketi Jumamosi ngapi na zile zilizobaki. Nyeupe juu ya nyeupe, na mimi na mkono wangu wa kushoto, na mlango umefungwa kama mwizi. Katikati ya kazi hiyo, asubuhi moja ya Jumapili, mama alikuwa anajifunga leso aende kanisani. Alisimama mlangoni mwangu, akageuza kichwa chote kunitafuta, maana siku hizo alikuwa akigeuza kichwa kama ndege.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Ile foronya ya nne, umeiangalia?"

"Nimeiangalia."

"Ikoje?"

"Iko sawa, mama. Nzuri sana."

Hakuondoka mara moja. Alisimama pale na ncha ya leso mkononi, nami nikawa nakunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Kisha akasema haya, akaenda kanisani peke yake. Nilihisi kwamba kuna kitu kimepita chumbani, nikakiacha kipite.

Bibi harusi akaolewa, seti ikasifiwa, picha ya kitanda ikazunguka kwenye simu za watu. Wiki tatu baadaye mama alitumbukia kwenye mtaro. Ulikuwa mtaro wa siku zote, nje ya duka, tunaouvuka tangu tumehamia hapo, na ilikuwa mchana mweupe. Walimtoa na kifundo cha mkono kimevimba. Zahanati walipomfunga bandeji, muuguzi alimpa maji kwa upande, akaona mkono wa mama unapapasa hewani. Akaisogeza glasi mbele, mama akaishika. Akaisogeza tena pembeni. Alifanya hivyo mara tatu, halafu akanitazama mimi, na akaandika barua ya kwenda hospitali ya macho.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye Kiswahili cha bara. Alimweka mama kwenye mashine, akampima jicho hili na hili, akarudi akakaa akatuambia ni presha ya macho. Alisema ugonjwa huu hauumi wala hauwashi. Huanza pembeni, ukala taratibu kuja katikati, na mwenyewe haoni kwamba haoni. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa limebaki kama mtu anayechungulia kwenye neli, kidirisha kimoja tu mbele. Kilichokwenda hakirudi, akasema, kinachowezekana ni kukilinda kilichobaki, na kilichobaki ni kidogo. Angeletwa mwaka mmoja au miwili mapema, matone tu ya dawa yangemwachia mengi.

Halafu akauliza mama anafanya kazi gani. Mama akamwambia ni mdarizi. Daktari akaacha kuandika.

"Na kazi haikuanza kuharibika? Hata kidogo? Kazi kama hiyo ingeonyesha mapema sana."

Nilijibu mimi kabla mama hajafungua mdomo. "Hapana, daktari. Kazi yake ni safi mpaka leo."

Mama aligeuza kichwa chote upande wangu, akanitazama kwa kile kidirisha chake kidogo. Daktari alitikisa kichwa akasema basi ana mikono ya ajabu. Kisha akaniambia kwamba ugonjwa huu hupenda kufuata damu, kwamba sisi watoto wake wote inatupasa tupimwe, hasa mimi niliyekaribia miaka arubaini, na tusingoje dalili kwa maana dalili hazitakuja. Akaniandikia karatasi yangu. Niliikunja nikaitia mkobani. Ndugu zangu niliwapigia simu, wakaenda kupimwa mwezi ule ule, wako salama.

Mama nilimtia matone asubuhi na jioni bila kukosa, na hizo ndizo huduma ambazo watu wananisifia. Dawa ilikuja imechelewa. Mwezi hadi mwezi kile kidirisha kikawa kinajifunga, na mvua za masika zilipoanza alikuwa anajua mchana na usiku tu, na pengine kivuli cha mtu aliyesimama mlangoni. Fremu yake aliitundika mwenyewe ukutani, kwa kupapasa msumari. Hakulalamika. Alijifunza kumenya vitunguu kwa vidole na kuwajua watu kwa hatua zao, na yule jirani mwenye maneno sasa ndiye anayemsalimia kutoka mbali, kwa sauti kubwa, kama anayelipa fidia.

Mwaka huu yule mteja wa Kisauni alirudi. Anaoza binti wa pili. Alikuwa hajasikia habari za mama, na alipoona jinsi anavyopapasa kiti alikaa chini akalia kwa kwikwi, mama akawa ndiye anayembembeleza. Alipotulia alitoa simu akanionyesha kitanda cha binti wa kwanza, akaanza kuzieleza zile foronya kwa mama, jani kwa jani, kama mtu anayemsomea mwenzake barua. Alisema ile ilikuwa kazi bora ya maisha ya mama, na kwamba Mungu alimwacha aimalize ndipo akamchukulia macho. Mama alisikiliza amekunja mikono. Akajibu kwa adabu kwamba anashukuru, na kwamba sasa fundi ni binti yake, aniulize mimi. Tukakubaliana. Nikamsindikiza mgeni mpaka njiani.

Niliporudi mama alikuwa bado amekaa vile vile.

"Zile foronya sita," akasema, "nne ni zako."

Nilimwambia sielewi anazungumza nini.

"Mwanangu, usinifanye mtoto. Mkono wako wa kushoto nimehangaika nao miaka kumi. Uzi wako unalalia upande wa pili. Nilizipiga pasi mwenyewe zote, nikapitisha kiganja nyuma. Na kabla ya hizo kuna nyingine. Tangu lile jani la asmini."

Nikakaa sakafuni karibu na kiti chake. Nikamwuliza kwa nini hakusema, swali ambalo nilistahili kuulizwa mimi.

Akaniambia taratibu, bila hasira, na ningependa angekuwa na hasira. Alisema alikuwa ameanza kuona ukungu pembeni tangu zamani, akaogopa, na siku alipoiona sindano imempotea ndani ya pindo asijue iko wapi, aliamua kwenda hospitali. Alikuwa ameshapanga siku, ilikuwa Jumatatu. Ile foronya aliiacha makusudi juu ya rundo niione kwanza, nimrudishie, ili apate pa kuanzia kunieleza.

"Nilingoja uniwekee mapajani," akasema. "Jumamosi ikapita, nikaikuta ile foronya haina sindano, palipokatika uzi pameshonwa upya, na wewe umenyamaza. Nikangoja tena. Nikaja nikakuuliza kwa mdomo wangu, ukaniambia iko sawa. Nikasema basi. Mwanangu ana jicho kali, hiyo ndiyo kazi yake. Ameangalia, ameona hakuna la kufanywa, ananiondolea tu nisivunjike moyo. Sikwenda tena. Nilimshukuru Mungu amenipa mtoto mwenye huruma."

Nililia, tena kwa sauti. Nilimwambia sikujua, nikamwambia nilidhani ni uzee, nikamwambia nisamehe, maneno yakitoka bila mpango. Aliniwekea mkono kichwani, akaniacha mpaka nikaishiwa. Nilitaka kumweleza na lile la furaha, jinsi nilivyojiona fundi mle chumbani mlango ukiwa umefungwa, lakini hilo lilinishinda. Sijamwambia mpaka leo.

Kisha akaushusha mkono wake kutoka kichwani mwangu, akapapasa paji la uso, nyusi, akafika machoni. Akaweka kidole gumba juu ya kope langu, kwa wepesi sana.

"Na wewe ulikwenda kupimwa? Daktari alisema."

"Nilikwenda, mama."

"Wakasemaje?"

"Wakasema niko sawa."

Alivuta pumzi ndefu, uso wake wote ukalegea. Akasema Bwana asifiwe, sasa hata akifa leo atakufa na amani. Nikainuka nikaenda kuweka maji ya chai.

Sikwenda. Karatasi ya daktari imekaa mkobani mpaka mikunjo yake imeanza kukatika, na kila mwisho wa wiki najiambia wiki ijayo. Si nauli, wala si nafasi. Naogopa kukaa kwenye ile mashine na kugeuka baadaye kumtazama mtu aliyeona macho yangu yakoje, kama mama alivyonitazama mimi. Kila asubuhi nikiamka nafunika jicho moja kwa kiganja, naitazama kona ya chumba, halafu nafunika la pili. Siku nyingine kona naiona iko mahali pake. Siku nyingine sina hakika, nageuza kichwa kidogo mpaka niipate, kisha navaa, namtia mama matone ambayo hayamsaidii tena, nakwenda kazini.